MAUMIVU YASIYOKWISHA: NAMNA YA KUMWELEZA DAKTARI

Maumivu ni ya namna mbili. Mtu akikanyaga mwiba, maumivu humwambia auinue mguu upesi. Na mwiba ukisha kutolewa na kidonda kupona, maumivu huondoka. Hayo ni maumivu ya siku chache, nayo yana faida yake, maana ni kama mlinzi apigaye kelele mwivi anapokaribia boma. Lakini yako maumivu mengine ambayo hayaondoki. Hukaa mwilini mwezi baada ya mwezi, hupungua kidogo na kurudi, na mara nyingine huzidi. Madaktari huyaita maumivu sugu yakiwa yameendelea, au yamekuwa yakirudi-rudi, kwa zaidi ya miezi 3. Zamani yalihesabiwa kuwa dalili tu ya ugonjwa mwingine. Lakini katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, maumivu sugu yamepewa mahali pake yenyewe.

Wenye taabu hii ni wengi. Kwa maumivu ya kiuno na mgongo peke yake, Shirika hilo limeeleza kwamba watu milioni 619 walikuwa nayo ulimwenguni mwaka wa 2020, na kwamba huenda wakafika milioni 843 ifikapo mwaka wa 2050. Katika Tseikuru, kaskazini ya Kitui, mtu hahitaji hesabu hizo ili kusadiki. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa kilo 20, na kila nyumba huhitaji mitungi kadhaa kwa siku. Mwenye punda humpakia punda; asiye naye huubeba mgongoni mwake mwenyewe. Ongeza hapo kuinama shambani wakati wa kupalilia mtama na ndengu, kupasua kuni, na safari ndefu kwa miguu. Si ajabu kwamba wazee wengi, hata na vijana, huamka asubuhi wakiwa wameshika kiuno.

Lakini jambo moja ni la ajabu. Mtu huyo huyo ambaye nyumbani hueleza maumivu yake kwa kirefu, akifika mbele ya daktari husema neno moja tu: "Mgongo." Daktari humwuliza, "Tangu lini?" Naye hujibu, "Siku nyingi." Kisha hupewa vidonge vile vile alivyopewa mara ya kwanza na ya pili, akarudi nyumbani akilalamika kwamba hospitali haina dawa. Pengine hospitali ilikuwa na msaada, lakini haikupata habari.

KWA NINI WAGONJWA HUNYAMAZA

Sababu ni nyingi, na hakuna hata moja ya kuchekwa. Kwanza, watu wamelelewa kuvumilia. Mwanamume alalamikaye huambiwa kuwa si mwanamume, na mama hutazamiwa kufanya kazi hata akiwa mgonjwa. Pili, foleni ni ndefu, na mgonjwa huona haya kumkawiza daktari huku wengine wakingoja nje. Tatu, wako waogopao jibu; hudhani wakisema yote wataambiwa kuwa wana saratani, au watapasuliwa. Nne, wako waliopigwa picha ya eksirei wakaambiwa kuwa hakuna kitu kilichoonekana, nao wakadhani wametukanwa kuwa ni waongo. Tano, maumivu mengine yako sehemu za mwili ambazo mama mzee huona vigumu kuzitaja mbele ya kijana aliye na umri wa mjukuu wake. Sita, wengi walikwenda kwanza kwa mganga wa mitishamba au dukani, na huogopa kugombezwa.

Tena liko jambo la lugha. Mtu aliyezoea kueleza habari za mwili wake kwa Kikamba huona maneno yamempotea akiulizwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Yafaa ijulikane kwamba Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka wa 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa habari za ugonjwa wake, na za matibabu yawezayo kutolewa, kwa lugha ambayo mgonjwa huielewa, kila iwezekanapo. Kwa hiyo mgonjwa asione haya kusema, "Daktari, tafadhali nipate mtu wa kunitafsiria." Muuguzi, au ndugu aliyekuja naye, aweza kufanya kazi hiyo.

DAKTARI HAWEZI KUYAONA MAUMIVU

Homa ina kipimo chake. Presha ya damu ina mashine yake. Sukari hupimwa kwa tone moja la damu. Lakini hakuna chombo hata kimoja duniani ambacho daktari aweza kukiweka mgongoni mwa mtu kikamwonyesha ni maumivu kiasi gani yaliyomo. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Wako watu ambao picha zao zaonyesha mifupa ya uti wa mgongo iliyolika, nao hawaumwi kitu. Na wako wengine ambao picha zao ni safi, lakini usingizi hawaupati. Kwa sababu hiyo chama cha wataalamu wa ulimwengu wanaochunguza maumivu, kilipoandika upya maana ya neno hilo mwaka wa 2020, kilisema pia kwamba maelezo ya mtu anayeumwa yapasa kuheshimiwa.

Inakuwaje mwili uume hali hakuna jeraha? Mwaka wa 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa fikira kwamba ndani ya uti wa mgongo pana kitu kama lango, ambalo mara hufunguka na mara hujifunga, likiruhusu au kuzuia habari za maumivu zisifike katika ubongo. Uchunguzi uliofuata umebadili mengi katika maelezo yao, lakini jambo kubwa limebaki: mishipa ya fahamu na ubongo huweza kuongeza maumivu au kuyapunguza. Maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa hiyo huweza kuwa kama mbwa wa boma aliyeshtushwa na fisi usiku mwingi. Mwisho hubweka hata jani likianguka. Mbwa huyo hasemi uongo. Kweli amesikia kitu. Vivyo hivyo mgonjwa hasemi uongo.

Basi, ikiwa chombo hakuna, kipimo ni maneno ya mgonjwa mwenyewe. Melzack alilijua jambo hilo, na mwaka wa 1975 alitangaza orodha ya maneno ambayo wagonjwa hutumia kueleza maumivu, ili madaktari wapate kuyapima. Kiswahili nacho kina maneno yake, na kila moja lina maana kwa daktari. Maumivu yanayochoma kama sindano, yanayowaka kama moto, au yanayoambatana na ganzi, mara nyingi hutoka katika mishipa ya fahamu. Yanayokaza asubuhi kwa muda mrefu, huku viungo vya vidole vikivimba, humfanya daktari afikiri habari za baridi yabisi. Yanayozidi mtu akitembea na kupungua akipumzika huelekea zaidi kwenye viungo vilivyolika. Maneno hayo hayatoshi kuujua ugonjwa, lakini humwonyesha daktari mahali pa kuanza kutafuta.

ELEZA KILICHOBADILIKA

Kwa mtu aliyeumwa miaka mingi, habari iliyo kubwa kuliko zote ni mabadiliko. Daktari akisikia "naumwa mgongo" kutoka kwa mtu ambaye kadi yake yaonyesha amekuwa akisema hivyo kwa miaka mitano, hawezi kujua kwamba leo kuna jambo jipya. Kwa hiyo mgonjwa aanze kwa kusema waziwazi: "Yamezidi." Kisha aeleze yamezidi namna gani, kwa kutaja kazi aliyokuwa akiiweza na ambayo sasa haiwezi. Mfano wa mazungumzo kama hayo ni huu:

"Daktari, nimerudi kwa sababu ya mgongo."

"Pole, mama. Ni ule ule wa zamani, au umezidi?"

"Umezidi. Wakati wa kupanda nilikuwa nikibeba mtungi mmoja mpaka nyumbani, nikipumzika mara moja tu njiani. Wakati wa kupalilia nikawa napumzika mara nne. Sasa ni wiki mbili siwezi kuubeba kabisa. Mtoto ndiye aendaye na punda wa jirani."

"Na usiku je?"

"Usiku naamka mara mbili. Tena yameanza kushuka mguu wa kushoto mpaka kisiginoni, kama moto, na kidole gumba kimekufa ganzi. Zamani hayakushuka."

"Umetumia dawa gani, mama?"

"Vidonge vya dukani, viwili asubuhi na viwili jioni, tangu mwezi uliopita. Na mizizi ya kuchemsha niliyopewa na jirani. Vidonge hivyo vimeanza kuniunguza tumbo."

"Umefanya vema kunieleza. Je, mkojo unautoa kama kawaida?"

"Huo hauna taabu."

Mazungumzo hayo hayafiki hata dakika mbili, na foleni haikukawia. Lakini daktari amejua mambo mengi: kwamba hali imebadilika katika miezi michache, kwamba huenda mshipa wa fahamu umebanwa, kwamba dawa inamdhuru tumbo, na kwamba hatari kubwa zaidi, ambayo itaelezwa hapa chini, bado haijaonekana. Sasa atajua aguse wapi, apime nini, na kama yafaa mgonjwa apelekwe mbele, Mwingi au Kitui.

Wengine huulizwa wayapime maumivu yao kutoka 0 mpaka 10, ambapo 0 ni kutoumwa kabisa na 10 ni maumivu makali kupita yote. Mzee asiyezoea hesabu hizo aweza kutumia vidole vyake kumi, au punje kumi za kunde juu ya meza. Jambo la kukumbuka ni kutoa majibu mawili: maumivu ni ngapi leo, na yalikuwa ngapi miezi mitatu iliyopita. Wala haifai kusema 10 kila siku kwa kuogopa kwamba 6 haitasikilizwa, maana hapo daktari hataweza kujua siku yatakapozidi kweli.

Kwa mwenye nafasi, ni vizuri kuweka hesabu kwa wiki moja au mbili kabla ya kwenda. Mtoto wa shule aweza kuandika katika daftari kila jioni: maumivu leo ni ngapi, usingizi ulikuwaje, kazi gani ilishindikana, dawa gani ilimezwa. Daftari hiyo ya senti chache humsaidia daktari kuliko kumbukumbu ya mtu aliyechoka kwa safari.

KWA NINI DAKTARI HUULIZA MAMBO MENGI

Mara nyingine daktari huuliza maswali ambayo mgonjwa huona hayahusiani na mgongo wake. Je, unakunywa maziwa mabichi? Je, unatoka jasho usiku? Je, umepungua mwili? Je, katika nyumba yenu yuko mwenye kikohozi cha muda mrefu? Maswali hayo yana maana. Kifua kikuu huweza kuingia katika mifupa ya mgongo bila kikohozi kikubwa. Ugonjwa wa brusela, ambao watu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa ya mbuzi, ng'ombe au ngamia, au kwa kuzalisha wanyama wagonjwa, huleta homa zinazorudi-rudi pamoja na maumivu ya kiuno na viungo. Ugonjwa wa sukari huweza kuleta moto na ganzi katika nyayo. Magonjwa haya yote yana matibabu yake, nayo si yale ya mgongo uliochoka kwa mizigo.

Watu wa Kitui wana historia ya jambo hili. Mwaka wa 1952 na 1953 ugonjwa wa kala-azar uliwashika watu wengi sana katika wilaya hiyo, ukaleta homa ya muda mrefu, kukonda, na kuvimba bandama, upande wa kushoto wa tumbo chini ya mbavu. Wataalamu walichunguza pia mahali watu walipoishi. Ikaonekana kwamba ugonjwa ulihusiana na vichuguu, ambavyo ndani yake hujificha kijidudu kidogo kirukacho, ndicho kinachoueneza. Ufunguo haukupatikana katika damu ya mgonjwa peke yake. Ulipatikana pia katika habari za maisha ya watu. Kala-azar haijaisha katika nchi kavu za Kenya, na mwenye homa ya majuma mengi pamoja na maumivu chini ya mbavu za kushoto yampasa kumwambia daktari anakotoka na anakolala.

DAWA ZOTE ZITAJWE

Mgonjwa asifiche dawa hata moja, iwe ya dukani, ya hospitali nyingine, au ya mitishamba. Yafaa achukue makaratasi, chupa na pakiti zote ndani ya mfuko azionyeshe. Shabaha si kugombezwa. Ni kujikinga na madhara.

Parasetamoli ni dawa nzuri ikitumiwa kwa kiasi, lakini mtu mzima mwenye afya haimfai kupita vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, saa 24, maana ikizidi huharibu ini. Tena parasetamoli huuzwa kwa majina mengi, na mtu aweza kumeza dawa ile ile mara mbili bila kujua. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu. Kuzimeza pamoja hakuongezi faida, huongeza madhara. Huweza kuleta vidonda na kutoka damu tumboni, kupandisha presha na kuumiza mafigo. Hatari hiyo ya mafigo huzidi mtu akiwa na upungufu wa maji mwilini. Basi katika nchi ya jua kali kama Tseikuru, mtu anayelima mchana kutwa akiwa na chupa moja ya maji huku akimeza diklofenaki kila siku anajiweka katika hatari asiyoiona. Mwenye ugonjwa wa mafigo, vidonda vya tumbo au presha, na mama mwenye mimba, wasizitumie bila ya kumwuliza daktari.

Wajihadhari pia na unga au vidonge visivyo na jina vinavyouzwa sokoni, ambavyo huondoa maumivu yote kwa siku moja. Dawa za namna hiyo zimepata kuonekana zimechanganywa na dawa kali za jamii ya steroidi. Mtu huona nafuu ya ajabu, uso hujaa, kisha baada ya miezi sukari hupanda, mifupa hudhoofika, na mwili hushindwa kupigana na magonjwa. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafula, kwa kuwa hilo nalo lina hatari. Amweleze daktari, naye atamwongoza kuzipunguza kidogo kidogo.

DALILI ZISIZONGOJA

Maumivu mengi ya mgongo hayatokani na ugonjwa wa kutisha. Lakini mtu akiona moja ya dalili zifuatazo, asingoje siku ya kliniki wala siku ya soko:

Kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kukataa kutoka. Ganzi katika sehemu za siri na upande wa ndani wa mapaja. Miguu kulegea na kushindwa kumchukua. Hizi ni dalili kwamba mishipa mikubwa ya fahamu imebanwa, na kila saa ina thamani. Aende hospitali siku ile ile.

Maumivu pamoja na homa, jasho la usiku, au kukonda bila sababu. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali. Maumivu yasiyopungua hata mtu akilala, yakizidi usiku baada ya usiku. Maumivu mapya ya mifupa kwa mtu aliyepata kuugua saratani. Hawa nao wasikawie.

Maumivu ya kifua yanayobana, pamoja na jasho na kukosa pumzi, yasihesabiwe kuwa ni yale ya siku zote. Ni ya haraka kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

NINI CHA KUTAZAMIA

Mgonjwa asiondoke katika chumba cha daktari kabla ya kuuliza maswali yake. Yanayofaa ni haya: Unadhani ugonjwa wangu ni nini? Kipimo hiki kitaonyesha nini? Dawa hii niimeze vipi, na kwa siku ngapi? Ina madhara gani? Gharama yake ni kiasi gani? Nirudi lini, na ni dalili gani itakayonilazimu kurudi kabla ya siku hiyo? Kisha arudie kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasikia, ili daktari amsahihishe. Ni vizuri pia kuja na mtu wa nyumbani, maana masikio manne husikia zaidi ya mawili. Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 kazi ya bima ya NHIF imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Yafaa mtu ajiandikishe kabla hajaugua, na achukue kitambulisho chake aendapo hospitali.

Jambo gumu kulisikia ni hili: maumivu sugu mengine hayataondoka yote. Daktari anayesema hivyo hakukata tamaa, wala hamfukuzi mgonjwa. Kwa maumivu ya namna hiyo, shabaha ya matibabu ni kumrudishia mtu kazi yake na usingizi wake. Kwa hiyo mgonjwa amwambie daktari analolitaka zaidi: kuweza kwenda kisimani, kuketi kanisani mpaka mwisho wa ibada, kumbeba mjukuu. Hapo wawili hao watakuwa na shabaha moja, na watajua baada ya miezi miwili kama wanaikaribia.

Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa maongozi juu ya maumivu sugu ya kiuno yasiyotokana na ugonjwa mwingine uliojulikana. Lilishauri mgonjwa aelimishwe, afanye mazoezi ya mwili yaliyopangwa, asaidiwe katika mambo ya fikira na huzuni, na apewe dawa kama ibuprofeni zikihitajika. Halikushauri mikanda ya kufunga kiunoni, wala dawa kali za jamii ya afyuni kwa maumivu ya namna hiyo. Kulala kitandani siku nyingi nako hudhoofisha misuli. Yafaa mtu aendelee kutembea, lakini apunguze mzigo: mitungi miwili ya lita 10 kwa safari mbili ni afadhali kuliko mmoja wa lita 20, na punda au mkokoteni ni afadhali zaidi. Nyumba nzima yahusika hapa. Mume na vijana wakikubali kwenda kisimani, hiyo nayo ni dawa.

Huzuni pia itajwe. Mtu asiyelala miezi mingi huweza kukosa hamu ya chakula na ya watu, hata akaona maisha hayana maana. Kumwambia daktari hivyo si kukiri wazimu. Huzuni huzidisha maumivu, na maumivu huzidisha huzuni. Vyote viwili vyatibiwa pamoja.

Mwenye saratani ana hukumu nyingine. Maumivu yake yaweza kupunguzwa sana, na dawa ya mofini, ikitolewa kwa kipimo na waliofundishwa, ni sehemu ya matibabu hayo. Nairobi Hospice ilianza kazi hiyo mwaka wa 1990, na Hospice Africa Uganda ilianzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka wa 1993, ikawafikishia wagonjwa mofini ya kunywa hata nyumbani kwao. Kupewa mofini si hukumu ya kifo, wala haimpasi mgonjwa wa saratani kuvumilia kimya ili aonekane shujaa. Yeye na jamaa zake waulize kama iko huduma hiyo karibu.

Kadi ya hospitali itunzwe pamoja na daftari ya maumivu na picha zote za eksirei, hata zile za zamani, mahali pasipofika mvua wala mchwa. Mgonjwa akipelekwa Mwingi au kwingineko, avichukue vyote. Na ikiwa dawa aliyopewa haikusaidia, arudi aseme hivyo mahali pale pale, kwa adabu na bila kuficha: siku ngapi aliimeza, ilipunguza nini, na nini kimezidi. Akihamia kwa daktari mwingine bila kadi, kazi yote huanza upya. Akirudi na habari zake, daktari ataendelea kutoka alipoachia.